Sanduku la Babu: Rostov, Don na mji uliofunga mdomo

Toleo lililopita nilidokeza, kwa mstari mmoja tu, kwamba kuanzia 1982 hadi 1988 nilikuwa mwanafunzi kusini mwa Urusi, katika Mkoa wa Rostov: mwaka wa kwanza mjini Rostov kwenyewe nikilishwa Kirusi asubuhi na jioni, mitano iliyofuata Novocherkassk nikisomea umwagiliaji. Mstari huo umeniponza. Mhariri kaniletea rundo la barua, anacheka. Nimechagua hizi.

*Shikamoo Babu. Kwenye atlasi ya shule nimeona Rostov mbili. Moja iko juu ya Moscow, nyingine chini kabisa karibu na bahari. Ulisoma ipi? Na kwa nini hawakutafuta jina jingine? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu*

Marahaba mjukuu wangu. Nilisoma ya chini, Rostov-na-Donu, maana yake Rostov iliyo kando ya mto Don. Ile ya juu ndiyo kongwe, imo katika kumbukumbu za kale za Warusi tangu mwaka 862. Ya kwetu ni mtoto wa juzi. Desemba 1749 Malkia Elizabeth wa Urusi aliagiza ofisi ya forodha iwekwe pale kijito cha Temernik kinapoingia Don, mali inayopita kwenda na kutoka kwa Waturuki itozwe ushuru. Penye ushuru pana fedha, na penye fedha panataka ulinzi, basi 1761 ikaanza kujengwa ngome. Ngome ikapewa jina la mtakatifu mpya wa wakati huo, Dimitri, ambaye enzi za uhai wake alikuwa askofu mkuu wa ile Rostov ya juu. Unaona jina lilivyosafiri? Halikutoka mji kwenda mji, lilibebwa na marehemu. "Ngome ya Mtakatifu Dimitri wa Rostov" ni ndefu mno mdomoni, watu wakaikata mpaka ikabaki Rostov.

Lile "na-Donu" usilidharau. Kaka yangu aliwahi kuniandikia barua akalisahau, na barua ile ikazunguka huko juu kwenye theluji kwa wiki kadhaa kabla ya kunifikia, imepigwa mihuri mpaka stempu haionekani.

*Mzee, tuamulie. Mwenzangu kijiweni anashikilia kwamba mechi ya Ubelgiji na Japani, Kombe la Dunia 2018, ilichezwa Asia. Mimi nasema Rostov ni Ulaya. Soda za watu watano zimewekwa rehani. — Mpenda mpira*

Nyweni wote. Mechi ile ya Julai 2, Japani wakiongoza mbili bila na kufungwa tatu mbili kwa bao la dakika za nyongeza, ilichezwa Rostov Arena, na uwanja huo haupo upande wa mji. Umejengwa ng'ambo, ukingo wa kushoto wa Don, sehemu ambayo wenyeji huiita Levberdon. Zamani zangu ng'ambo hiyo ilikuwa ya mabanda ya kuchomea nyama, mchanga wa kuogelea, na vijana wanaokwepa vipindi (mimi nikiwemo, Mungu anisamehe).

Sasa, Wagiriki wa kale waliuita mto huu Tanais, na kwao huo ndio uliokuwa mpaka: ukingo wa kulia Ulaya, wa kushoto Asia. Hawakusema hivyo wakiwa mbali tu. Karne ya tatu kabla ya Kristo walijenga mji wa biashara mdomoni mwa mto, nao wakauita Tanais. Kuta zake za mawe bado zipo kijiji cha Nedvigovka, kama kilomita thelathini magharibi ya Rostov. Walikuwa wakinunua ngano, samaki na watumwa kutoka kwa watu wa nyika, na kuwauzia mvinyo na vyombo.

Wanajiografia wa leo hawajakubaliana. Wengi wanauchora mpaka kwenye mgongo wa milima ya Caucasus, kusini zaidi, na hapo wewe umeshinda. Wengine wanaupitisha bonde la Kuma na Manych kisha wanaumalizia na Don ya chini, na hapo mwenzako kashinda. Washabiki wa mwaka ule waliovuka daraja la Voroshilovsky kwa miguu kutoka mjini kwenda uwanjani, kwa hesabu za Wagiriki, walitoka Ulaya wakaingia Asia kabla bia haijapoa.

*Babu, hivi Wakosaki ni kabila au ni jeshi? Na wana undugu gani na Wakazaki wa Kazakhstan? — Mwalimu wa historia*

Mwalimu mwenzangu, undugu wao ni wa neno tu. Yote mawili yametoka katika lugha za Kituruki, neno lenye maana ya mtu huru, asiye na bwana. Wakazaki ni taifa lenye lugha yake. Wakosaki wa Don walianza kama wakimbizi: watumwa wa mashamba waliotoroka mabwana zao Urusi ya kati, wadeni, wahalifu, na watu wa nyika wa kila namna, wakajibanza chini ya mto ambako mkono wa Moscow ulikuwa haufiki. Walikuwa na msemo wao, kwamba kutoka Don mtu harudishwi. Ukishafika, umefika.

Lakini msikilize Stepan Razin. Mtoto wa Don, aliyeongoza uasi mkubwa wa 1670 akateka miji ya Volga. Aliposhindwa alikimbilia nyumbani, na aprili ya 1671 wakubwa wa Wakosaki, wakiongozwa na baba yake wa ubatizo, wakamkamata wao wenyewe na kumpeleka Moscow, akauawa Juni ile ile. Wakati huo Don ilikuwa inapokea nafaka, baruti na risasi kutoka kwa mfalme, na anayekulisha hukuagiza. Kidogo kidogo wale watoro wakawa jeshi la mpakani la dola iliyowafukuza, wamepewa ardhi, na kila mwanamume anakwenda vitani na farasi wake mwenyewe.

Nenda Starocherkassk, mji mkuu wao wa zamani, mwendo wa boti kutoka Rostov. Katika ukumbi wa kanisa kuu kumetundikwa mnyororo, wenyeji wanasema ndio aliofungwa Razin. Niliushika. Ni mzito kuliko nilivyodhani, na baridi. Nje uwanjani zipo nyara za Azov, ngome ya Waturuki ambayo Wakosaki waliiteka 1637 bila kutumwa na mtu: sehemu ya lango, na mzani mkubwa wa chuma wa kupimia bidhaa. Miaka minne baadaye Sultani alileta jeshi kubwa kuitaka ngome yake, wakaizuia, kisha 1642 wakaiacha kwa sababu Moscow haikutaka vita. Mzani wakaondoka nao. Mimi napenda sana watu wanaotoroka na mzani.

*Shikamoo Mzee. Niliona picha mtandaoni: meli na boti zimekaa kwenye matope, bahari haipo. Wakasema ni Taganrog. Ni kweli au picha za kompyuta? — Mvuvi*

Marahaba. Ni kweli, na nimeshuhudia kwa macho. Bahari ya Azov ndiyo yenye kina kifupi kuliko bahari zote duniani. Pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 14, maana yake ukisimamisha mnazi mrefu, makuti yanabaki juu yanapepea. Ghuba ya Taganrog, ambako Don inaingia, ni fupi zaidi ya hapo. Maji ya namna hiyo hayamsikilizi mwezi, yanausikiliza upepo.

Wavuvi wa delta wana majina mawili. Upepo wa mashariki wanauita verkhovka, unaotoka juu ya mto. Ukivuma siku mbili tatu mfululizo unayasukuma maji kwenda baharini kama mtu anayefagia ua. Nilifika kijiji kimoja cha delta Novemba, tumetumwa kupima kina cha mfereji. Asubuhi tulikuta boti zimelala ubavu, nanga ziko wazi, na mzee mmoja anatembea katikati ya mkondo na ndoo, anaokota samaki waliochelewa kuondoka. Kamba yetu ya kupimia hatukuikunjua. Upepo wa magharibi ni nizovka, wa chini, nao hufanya kinyume: hurudisha bahari ndani ya mto, maji yanapanda uani mpaka kwenye banda la kuku. Ndiyo maana nyumba za zamani za huko zimejengwa juu ya nguzo, ama ghorofa ya chini ni stoo tu ya vitu visivyoogopa maji.

Don yenyewe ina urefu wa kilomita 1,870 na haina haraka. Inatoka Mkoa wa Tula, kusini mwa Moscow, na sehemu ya chini imelala karibu sawa na bahari. Mto wa namna hiyo ukisukumwa hauna ubishi. Peter Mkuu naye alisumbuka na kina hicho. Alishindwa kuiteka Azov 1695, akaenda kuunda meli Voronezh, akarudi 1696 akaitwaa, na 1698 akaanzisha Taganrog iwe bandari ya jeshi la majini. Bandari nzuri, maji haba.

*Baba, shikamoo. Kijana wangu amepata nafasi ya kusoma Rostov. Nimfungashie nini? Na usalama je? — Mama mwenye wasiwasi*

Marahaba mwanangu. Usalama nitausema kwanza kwa sababu ndio mzito. Mkoa wa Rostov umepakana na Ukraine, na vita vilipoanza Februari 2022 uwanja wa ndege wa Platov, uliofunguliwa Desemba 2017 tu, ulifungwa kwa abiria. Juni 24, 2023 kikosi cha Wagner, jeshi la kukodiwa la Urusi lililoasi, kiliingia katikati ya mji na kukalia makao makuu ya jeshi la kusini kwa siku nzima. Mimi ningekuwa wewe ningemuuliza mwanafunzi aliyepo huko sasa hivi, si wakala, wala si mzee aliyeondoka 1988.

Akienda, baridi ya huko si ya theluji, ni ya upepo. Nyika haina kitu cha kuusimamisha. Kofia inayofunika masikio ni muhimu kuliko koti la bei. Viatu viwe vya soli nene isiyo na mikunjo mingi, maana udongo mweusi wa huko, unaoota ngano kwa wingi, ukilowa unanata. Unatembea hatua kumi umeongezeka urefu. Julai ataomba upepo urudi, joto linaweza kugusa 40.

Na asishangae Kirusi alichofundishwa kikimkataa sokoni. Soko kuu la Rostov liko chini ya kanisa kuu, na akinamama wa pale wana maneno yao. Bitiruti wanaiita burak. Biringanya ni "za buluu". Forosadi ni tyutina. Aprikoti ndogo za miti ya barabarani, zile zinazoanguka zenyewe Julai na kufanya lami iteleze, ni zherdyola. Herufi G wanaitamka kooni, karibu na GH ya "ghali". Nilirudi Moscow kwa likizo, mhudumu wa treni akaniambia, "Wewe Mwafrika wa Rostov." Aliisikia kwenye G.

Aonje samaki mkavu aitwaye rybets na kamba wa mtoni waliochemshwa na bizari. Akila hao bila kuchafua shati, amekuwa mwenyeji.

*Babu, umewahi kusema "nimepiga kasia juu ya mji". Ulimaanisha nini? — Msomaji wa siku nyingi*

Nilimaanisha hivyo hivyo. Chini ya Bwawa la Tsimlyansk kuna mji. Katika miaka ya 830 Wakhazari, waliokuwa mabwana wa nyika wakati huo, waliomba mafundi kwa mfalme wa Constantinople wajengewe ngome ukingo wa kushoto wa Don. Mafundi walipofika hawakuona jiwe. Nyika ni udongo mtupu. Basi wakajenga tanuri, wakachoma matofali hapo hapo, na chokaa ya kuyashikiza wakaipata kwa kuchoma vikombe vidogo vya konokono wa mtoni. Huo ndio uhandisi ninaouheshimu. Ngome ikaitwa Sarkel, nyumba nyeupe. Mwaka 965 Mwanamfalme Svyatoslav wa Kiev akaiteka.

Halafu ukaja Mfereji wa Volga na Don. Mito hiyo miwili inakaribiana sana kabla ya kuachana, moja kwenda Kaspi, nyingine Azov, na tangu zamani watu walikuwa wakiburuta boti nchi kavu kati yake. Mfereji ulifunguliwa 1952, kilomita 101, una vituo 13 vya kupandishia na kushushia meli: inaingia kwenye chumba cha zege, milango inafungwa, maji yanajazwa, inainuka. Kutoka Volga inapandishwa mita 88, kisha inashushwa 44 kufika Don. Meli ya Kaspi, bahari isiyo na mlango, inatokea Azov na kuendelea mpaka dunia nzima. Miongoni mwa waliochimba walikuwemo wafungwa wa kambi, na mateka wa Kijerumani.

Maji ya mfereji yalihitaji bwawa, bwawa likahitaji bonde, na bondeni kulikuwa na vijiji vya Wakosaki na Sarkel. Vijiji vilihamishwa. Sarkel haihamishiki, basi Mikhail Artamonov alipewa miaka mitatu, 1949 hadi 1951, afukue anachoweza. Na wachimbaji wake wengi walikuwa wafungwa wale wale. Fikiria mtu aliyefungwa anapiga sururu kwenye ngome ya watu waliotoweka ili yapite maji. 1952 maji yakapanda.

Tulipelekwa bwawani 1985 kwa mafunzo, maana maji hayo ndiyo yanayokwenda kumwagilia mashamba, hata mpunga wa bonde la Manych. Jioni mwalimu wetu alituazima boti. Tulipofika mahali fulani akasema, "Simamisheni kasia." Tukasimamisha. Maji ya kijani, mwani mwingi, hakuna cha kuona. "Hapa," akasema. Tukarudi.

*Mzee wetu, kwa heshima. Wewe umeishi Novocherkassk miaka mitano. Mbona hujawahi kuandika habari za 1962? — Msomaji*

Kwa sababu kwa miaka yote mitano sikuzijua.

Novocherkassk uko juu ya kilima. Ataman (yaani mkuu wa Wakosaki) Matvei Platov aliuanzisha 1805 kwa sababu Starocherkassk ulikuwa unafurika kila masika, watu wanakwenda sokoni kwa mitumbwi. Wafanyabiashara walinung'unika kuwekwa mbali na mto, lakini hakuna aliyezama tena. Kanisa kuu la kilimani liliporomoka likijengwa, 1846, likaporomoka tena 1863, likakamilika 1905. Hayo yote niliyajua. Mwongoza wageni alikuwa akiyasimulia kwa raha.

Ambayo hakusimulia ni haya. Mwanzoni mwa Juni 1962 serikali ilipandisha bei ya nyama kwa hadi asilimia 30 na siagi 25. Katika kiwanda cha vichwa vya treni vya umeme, nje kidogo ya mji, malipo ya kazi yalikuwa yamekwisha kupunguzwa. Tarehe moja wafanyakazi wakagoma. Inasimuliwa kwamba walipomuuliza mkurugenzi watakula nini, aliwajibu wale maandazi ya maini. Kesho yake, Juni 2, maelfu wakaandamana kuja mjini, wamebeba bendera nyekundu na picha za Lenin, wakiamini hao ni wao. Kwenye daraja la mto Tuzlov kulikuwa na vifaru, wakavipanda na kuvivuka. Jenerali Matvei Shaposhnikov aliamriwa awazuie kwa vifaru vyake, akakataa. Walipofika uwanja wa kasri la ataman, ilikokuwa ofisi ya Chama cha Kikomunisti, askari wakafyatua risasi. Waliokufa kwa hesabu ya serikali ni 26. Baadaye 7 walihukumiwa na kuuawa. Maiti zilizikwa usiku, zimetawanywa kwenye makaburi ya mbali, na walioshuhudia wakalazimishwa kutia sahihi kwenye karatasi kwamba hawatasema.

Hawakusema. Magazeti ya Kisovieti yalianza kuandika wakati mimi narudi nyumbani.

Uwanja ule nilipita karibu kila Jumamosi. Mbele ya kasri ilisimama sanamu ya Lenin, mahali pa sanamu ya Platov ya 1853, ambayo ilirudishwa baadaye, 1993. Kulikuwa na kibanda cha aiskrimu. Hosteli yetu ilikuwa na mama mlinzi wa mlangoni, mtu mzima, mkali, aliyekuwa akitushonea vifungo. Juni moja nilimwambia ninateremka uwanjani na wenzangu kunywa kvas, kinywaji cha mkate uliochachushwa. Akasema, "Leo nendeni njia nyingine." Nikauliza kuna nini. Akasema barabara inakarabatiwa. Tulikwenda hata hivyo. Hapakuwa na ukarabati wowote.

Nilipokuja kusoma habari ile nilihesabu tarehe, nikamwandikia. Nilimuuliza moja kwa moja, ujana huo. Alinijibu baada ya miezi mitatu, kadi ya posta yenye picha ya kanisa kuu, mistari minne. Wajukuu hawajambo. Hosteli imepakwa rangi. Paka amekufa. Mwaka huu zherdyola zimezaa mno, hakuna wa kuziokota.